Mlango wa Kabati

Umeniuliza, Lusajo, huku unanicheka,
redio ya nini zama hizi, dada, si una simu?
Simu ninayo. Mnara ndio sina.
Mvua ya Machi ikikaza siku tatu huku Isongole
mnara hunywa mafuta yake ya mwisho, hukohoa,
na simu inabaki kioo cha kujitazamia hofu.

Basi nilipanda lori la viazi hadi Uyole.
Fundi Asumwisye, miwani imefungwa kwa uzi,
akanipa redio ya mikanda minne, ganda limeungua pembeni.
"Hii inasikia," akasema,
"ila uitafutie pa kusimama."

Nikaitafutia.
Jikoni: mchanga tu, mchanga unaochekechwa.
Barazani: kwaya, nusu ubeti, kisha mlima ukaimeza.
Kwenye migomba: mtu anauza mbolea kwa furaha isiyo na sababu.
Mlangoni pa choo, usicheke,
mlangoni pa choo, uso ukielekea bondeni kwenye ziwa,
hapo dunia ikanyoosha maneno.
Nikafunga waya wa breki ya baiskeli kwenye mwanzi,
mwanzi nikausimika juu ya paa la choo.

Wiki sita niliisogeza sindano
taratibu, kama nesi anayetafuta mshipa wa mtoto.
Mchana huja walio karibu.
Usiku huamka wa mbali, wanabisha hodi kutoka ng'ambo ya ziwa
kwa lugha inayofanana na yetu
kama binamu anavyofanana na picha ya babu.
Nikaandika kwa mkaa ndani ya mlango wa kabati:
saa kumi na mbili asubuhi, hali ya hewa, nukta moja.
Saa mbili usiku, barabara na madaraja, nukta mbili.
Mkanda wa nne, mwisho kabisa: shamba la chai wanaitana,
trekta limekwama, leteni kamba.
Nukta nilizitia kwenye redio kwa rangi ya kucha ya Bupe.
Alinuna siku mbili.

Betri nilizianika uani pamoja na maharage.

Ukaja usiku ule.
Watu kumi na mmoja mlangoni pa choo,
viroba vichwani, mwavuli mmoja wa mama Tumpale,
na redio ndani ya khanga yangu kama kichanga.
Kijana wa studio akasema daraja la chini limekwenda.
Akataja vijiji vya kuhama. Tisa.
Nilivihesabu kwa vidole vilivyolowa.
Chetu hakikutajwa.
Simlaumu. Nani alimwambia tupo?

Mama Tumpale akashusha pumzi: basi sisi salama.
Yule kijana akaongeza, kama mtu aliyekumbuka ufunguo mlangoni:
kijito kikikata ghafla wakati mvua inanyesha, msilale.
Sisi tukaendelea kusikiliza redio.
Ambakisye akageuka kusikiliza kijito.
"Zima," akasema. Nikazima.
Mvua kwenye mabati. Mvua kwenye migomba.
Na chini kule, palipokuwa na kelele tangu tuzaliwe,
kimya.

Hatukubeba kitu. Mbuzi walitufuata wenyewe hadi shuleni.

Asubuhi tope lilikuwa limefika kizingiti cha nyumba
likasimama hapo, kama mgeni anayevua viatu.
Choo hakikuwepo, wala mwanzi, wala mti wa parachichi wa baba.
Kabati lipo. Mkaa umefifia kidogo.

Sasa naanza upya kutafuta pa kusimama.
Nimejaribu karibu na kaburi la shangazi, panasikika kiasi.
Lakini chini ya orodha, Lusajo, nimeacha mstari mmoja.
Nimeandika: ya kusemea.
Mbele yake hakuna namba.
Asumwisye anasema ile huombewa kibali, na kibali kina fomu.
Wewe uliye mjini, uliza dirisha lake ni lipi,
na wanafungua saa ngapi.